KIKWEMBE, LIBAYA NA UMBO LA MVAAJI: NAMNA WANAWAKE WA GOMA WANAVYOCHAGUA MISHONO YA VAZI LA JUU

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna wanawake wa mji wa Goma, katika Jimbo la Kivu ya Kaskazini, wanavyochagua mshono na uvaaji wa vazi la juu kwa kuzingatia maumbile yao. Suala hili laweza kuonekana dogo mbele ya mambo mazito yaliyoupata mji huo. Hata hivyo, mwanamke anayempelekea fundi kitambaa chake huwa anahatarisha akiba ya miezi kadhaa, kwa kuwa mkasi ukishapita hakuna namna ya kukirudisha kitambaa katika hali yake ya awali. Kwa sababu hiyo, maarifa ya kuamua shingo ikatwe vipi, bega likae wapi na pindo liishie wapi ni maarifa yenye thamani ya fedha na ya heshima, nayo hurithishwa kwa mazungumzo kati ya mama na binti, shoga na shoga, mteja na fundi.

Makala yamegawanywa katika sehemu tano. Baada ya utangulizi huu, sehemu ya pili inatazama msamiati na historia fupi ya vazi lenyewe. Sehemu ya tatu inaeleza tabia ya kitambaa, kwa kuwa ndiyo inayoongoza uchaguzi wote. Sehemu ya nne inachambua kanuni zinazofuatwa katika kuulinganisha mshono na umbo. Sehemu ya tano inahitimisha.

2.0 Msamiati na historia ya vazi

2.1 Istilahi

Katika Kiswahili cha Goma, kitambaa cha pamba chenye nakshi, ambacho wasemaji wa Tanzania na Kenya hukiita kitenge, huitwa pia kikwembe. Wingi wake ni bikwembe, kwa kuwa Kiswahili cha mashariki mwa Kongo hutumia kiambishi bi- pale ambapo Kiswahili Sanifu hutumia vi-. Vazi la juu linaloshonwa kwa kitambaa hicho huitwa libaya, neno lililoingia kutoka Kilingala pamoja na mtindo wenyewe wa mavazi ya Kinshasa. Katika Kilingala nomino zenye li- katika umoja huchukua ma- katika wingi, kama ilivyo liputa na maputa, yaani kitenge na vitenge. Kwa kanuni hiyo wingi wa libaya ni mabaya, umbo ambalo msikilizaji wa pwani angelielewa vingine kabisa. Katika makala haya neno libaya limetumika bila kubadilika katika umoja na wingi.

Vazi kamili la heshima lina sehemu tatu: libaya, kitenge cha chini, kilichoshonwa kama sketi au kilichofungwa tu kiunoni, na kitenge cha pili kinachofungwa juu ya hicho cha kwanza, au kukunjwa na kushikwa mkononi, au kutupwa begani. Mara nyingi kipande kidogo hubakizwa kwa ajili ya kilemba. Mwanamke asiyetazama sehemu zote hizi kwa pamoja hawezi kuichagua libaya vyema, kwani vazi la juu halionekani peke yake. Linaonekana likiwa limekaa juu ya fundo la kitenge cha pili, nalo fundo hilo huongeza unene wa kiuno.

2.2 Historia kwa ufupi

Nguo na Kiswahili ziliingia mashariki mwa Kongo kwa njia moja. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyotoka pwani kupitia Tabora na Ujiji ilibeba merikani na kaniki hadi Nyangwe na Kasongo katika Manyema, ambako Tippu Tip alikuwa na ngome yake. Kitambaa kilikuwa bidhaa na pia kilikuwa fedha. Lugha iliyotumika katika kupima, kupatana bei na kulipana iliendelea kuishi hata baada ya misafara yenyewe kukoma.

Vitambaa vya nakshi ya nta vilivyoenea baadaye vina asili ya mbali zaidi. Viwanda vya Uholanzi, kikiwemo kile kilichoanzishwa Helmond mwaka 1846 ambacho leo kinajulikana kwa jina la Vlisco, viliiga batiki za Java kwa mashine, na soko lake kubwa likawa Afrika. Kwa upande wa Kongo yenyewe, viwanda vya Kinshasa na Kisangani navyo vilichapa vitenge, na katika miongo ya karibuni vitambaa vya bei nafuu kutoka Asia vimejaa katika masoko.

Siasa nayo iliingia kabatini. Mwaka 1971 nchi ilipoitwa Zaire, serikali ya Mobutu ilihimiza sera ya uhalisi. Wanaume walitakiwa kuacha suti na tai na kuvaa abakosti. Wanawake walitakiwa kuacha suruali, sketi fupi na nywele za bandia, na kitenge kikawa vazi la taifa. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alipotangaza mfumo wa vyama vingi, aliruhusu pia tai kurejea. Amri za mavazi zililegea, lakini kitenge hakikuondoka. Jambo hili lastahili kuzingatiwa: vazi lililolazimishwa na dola lilibaki kwa hiari ya wavaaji baada ya dola kuacha kulilazimisha. Sababu mojawapo, kama itakavyoonekana hapa chini, ni kwamba mshono wa libaya unamwezesha kila mwanamke kuutafutia mwili wake nafasi ndani ya kitambaa ambacho ni cha wote.

3.0 Tabia ya kitambaa

3.1 Kipimo

Kitenge huuzwa kwa yadi. Kipande kizima kina yadi 12, na nusu yake ni yadi 6, yaani karibu mita 5.5. Upana wake ni takriban mita 1.2. Yadi 6 hugawanywa mara tatu, na kila fungu la yadi 2 ndilo kipimo ambacho Kifaransa cha Kongo hukiita pagne. Kwa hesabu hiyo, fungu moja ni la libaya, la pili ni la sketi, na la tatu hubaki bila kukatwa.

Hesabu hii ndiyo mpaka wa kwanza wa uchaguzi. Mwanamke mwenye mwili mkubwa anayetaka mikono mipana, marinda kiunoni na kola kubwa atalazimika kula katika fungu la tatu. Fundi mwaminifu humweleza hivyo kabla ya kukata. Asiyekuwa mwaminifu hukata kwanza na kueleza baadaye.

3.2 Ugumu na nakshi

Kitenge cha nta halisi kina mambo mawili yanayomwongoza fundi. Kwanza, rangi yake imepenya pande zote mbili, hivyo hakina ndani wala nje. Fundi anaweza kukigeuza kipande ili ua la bega la kulia litazamane na la kushoto. Kitambaa kilichochapwa upande mmoja hakimpi uhuru huo. Pili, ni pamba iliyofumwa kwa kukazwa, isiyovutika. Blauzi ya mtumba iliyofumwa kwa uzi unaonyumbuka hufuata mwili wenyewe. Libaya haifuati mwili mpaka ifundishwe kwa mkasi na sindano. Mikunjo midogo inayoshonwa chini ya kifua na mgongoni ndiyo inayokipa kitambaa kilicho bapa umbo la mwili ulio duara. Mikunjo hiyo ikikosewa kwa upana wa kidole kimoja tu, nguo huvuta kwapani au hufura kifuani.

Ukubwa wa nakshi ni jambo la tatu. Vitenge vingi vina maua au duara kubwa zinazojirudia kwa umbali maalumu. Duara moja likiangukia katikati ya tumbo, macho ya watu yataishia hapo. Mawili yakiangukia kifuani, mvaaji ataona haya siku nzima. Kwa hiyo mwanamke mzoefu hukitandaza kitambaa chake mbele ya fundi, huonyesha kwa kidole ua analotaka likae begani au mgongoni, na huhakikisha chaki imepigwa kabla hajaondoka.

4.0 Kuulinganisha mshono na umbo

4.1 Kitenzi "kukaa"

Katika Kiswahili, nguo iliyofaa husemwa imemkaa mtu. Isiyofaa hubana, hupwaya, huvuta au huning'inia. Vitenzi hivi vyote vinaihukumu nguo, si mwili. Majarida ya mitindo ya Ulaya kwa muda mrefu yameyagawa maumbo ya wanawake kwa kuyafananisha na matunda, kama vile tofaa na peasi, kisha yakashauri namna ya kuficha kile kinachohesabiwa kuwa kasoro. Mazungumzo ya kushonesha libaya yana mwelekeo tofauti. Unene wa wastani huhesabiwa kuwa dalili ya afya na ya kutunzwa vyema, na nyonga pana si jambo la kufichwa. Swali linaloulizwa ni kama nguo imekaa, yaani kama mvaaji anaweza kuketi, kuinama, kumbeba mtoto na kuinua mkono bila kuivuta nguo yake kila wakati.

Kinyume chake, kukonda ghafla huzua maneno. Mwanamke aliyetoka kuugua, au aliyepitia miezi ya kukimbia vita, hujua kwamba watu watamtazama mabega na shingo kabla ya kumsalimu. Kwake yeye mshono unaojaza mwili ni sitara dhidi ya maswali ambayo hataki kuyajibu.

4.2 Kanuni za kawaida

Kanuni zinazofuatwa zinaweza kufupishwa kama ifuatavyo.

(a) Mabega membamba na nyonga pana. Hapa libaya huongezewa upana juu. Mikono hukusanywa kwa marinda begani ili ifure kama puto, au shingo hukatwa kwa upana kuelekea mabegani. Macho yakikutana na upana juu na upana chini, kiuno kilicho katikati huonekana chembamba bila kubanwa.

(b) Mabega mapana. Mikono yenye kufura huepukwa, kwani ingemfanya mvaaji aonekane amebeba mzigo. Mshono wa bega huachwa ushuke bila marinda, na shingo hukatwa kwa umbo la V, ambalo huyaongoza macho kushuka chini badala ya kwenda pembeni.

(c) Kifua kikubwa. Mifuko, lasi na darizi huondolewa kifuani na kuhamishiwa mikononi au kwenye pindo. Shingo ya V isiyo na kina kirefu hufaa kuliko shingo iliyofungwa hadi kooni, kwa kuwa shingo iliyofungwa hukifanya kifua kiwe uwanja mmoja usio na mwisho. Mikunjo ya chini ya kifua ni ya lazima. Bila hiyo nguo huning'inia kutoka kifuani moja kwa moja na kumfanya mvaaji aonekane mnene kuliko alivyo.

(d) Kifua kidogo au mwili mwembamba. Marinda, kola yenye tabaka na vipande vya nakshi vinavyokatwa kwa mlalo huongeza ujazo. Nakshi kubwa haina madhara hapa, ilimradi isizidi uwezo wa mwili kuibeba.

(e) Tumbo. Makosa ni mawili: kubana na kuficha kupita kiasi. Libaya inayobana hutangaza tumbo. Inayopwaya kama hema hutangaza kwamba kuna kitu kinachofichwa. Njia ya kati ni kuinua mshono wa kiuno ukae chini kidogo ya kifua, kisha kuliacha rinda lishuke hadi juu ya nyonga. Fundo la kitenge cha pili nalo husogezwa pembeni, lisikae mbele.

(f) Kimo. Kwa mwanamke mfupi, libaya huishia kwenye mfupa wa nyonga, kwa sababu ikishuka zaidi huikata miguu. Mwanamke mrefu anaweza kuvaa libaya ndefu hadi mapajani, hata mtindo unaokaribia bubu. Wengine hutumia kitambaa kimoja juu na chini bila kukikatiza kwa mkanda wa rangi nyingine, na hivyo mwili husomeka kama mstari mmoja mrefu.

Ni dhahiri kwamba kanuni hizi zina msingi mmoja: macho hufuata mstari na husimama penye kikwazo. Fundi na mteja hushauriana tu juu ya mahali pa kuweka mistari na mahali pa kuweka vikwazo.

4.3 Mfano wa sare ya harusi

Kanuni hizi huonekana wazi zaidi katika harusi. Familia huchagua kitambaa kimoja, na jamaa, majirani na marafiki hukinunua ili wavae sare. Vivyo hivyo hufanywa na kwaya, na vyama vya akina mama wa kanisani, na katika sherehe za tarehe 8 Machi, Siku ya Kimataifa ya Wanawake. Bibi wa miaka 70, mama anayenyonyesha, msichana anayesoma chuo kikuu na shangazi aliyetoka hospitalini wote hupewa nakshi ileile na rangi ileile. Hakuna anayeweza kujitofautisha kwa kitambaa. Kinachobaki ni mshono.

Bibi atachagua libaya pana yenye mikono inayofika chini ya kiwiko, ambayo haimsumbui kuivaa wala kuivua. Anayenyonyesha atataka vifungo au zipu mbele, iliyofichwa ndani ya rinda. Msichana ataomba bega moja liachwe wazi, na pengine mama yake atamwomba fundi kwa siri aongeze kipande cha lasi. Shangazi ataomba mikono ya kufura na bitana nzito kidogo, ili nguo isimame pale ambapo mwili bado haujarudi. Wanaposimama pamoja kupigwa picha, umoja wa familia unasomeka katika kitambaa, na historia ya kila mmoja inasomeka katika mshono wake.

Hapa pana tofauti yenye manufaa kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Kanga ya pwani husema kwa maandishi. Jina lake limechapwa juu ya pindo. Kitenge hakina maandishi ya namna hiyo. Majina yake hutolewa kwa mdomo na wauzaji na wanunuzi, nao ujumbe wa mvaaji huongezwa na fundi.

4.4 Mazingira ya mji

Goma umejengwa katika mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kando ya Ziwa Kivu na chini ya volkano ya Nyiragongo. Asubuhi na jioni kuna baridi. Libaya ya mabega wazi iliyobuniwa kwa joto la Kinshasa haina budi kuandamana na sweta au shali, na hapo mikono ya kufura huwa tatizo, kwani haiingii ndani ya sweta. Wanawake wengi hulitatua kwa kutumia kitenge cha pili kama mtandio. Vumbi jeusi la mawe ya volkano nalo huwafanya wengine waepuke rangi nyeupe karibu na pindo.

Aidha, siku za kazi si siku za sherehe. Mwuza mboga katika soko la Virunga au mchuuzi anayevuka mpaka kwenda Gisenyi huvaa blauzi ya mtumba au tisheti juu ya kitenge kilichofungwa. Hata hapo uchaguzi upo: blauzi itakayochomekwa ndani ya kitenge inapaswa kuwa ndefu na nyepesi, itakayoachwa nje inapaswa kuishia mahali pasipogongana na fundo. Hekima ya libaya huhamishiwa kwenye nguo ambayo haikushonwa kwa ajili ya yeyote.

4.5 Akiba ndani ya mshono

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena na kuishia pembezoni mwa mji. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ulitekwa na waasi wa M23, kama ulivyowahi kutekwa Novemba 2012. Katika kila tukio watu walikimbia, na kitenge kilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuchukuliwa, kwa kuwa ndicho kilichofungia vitu vingine.

Uzoefu huu unaeleza tabia mbili za washonaji. Ya kwanza ni kuacha akiba ndani ya mshono. Mwanamke mwangalifu humtaka fundi aache upana wa vidole viwili kila ubavu, uliokunjwa ndani bila kukatwa. Mwili ukiongezeka baada ya uzazi, mshono hufumuliwa na nguo hupanuliwa; ukipungua, hubanwa tena. Libaya iliyokatwa bila akiba hufa pamoja na umbo la siku ile iliyopimwa. Ya pili ni kulitunza fungu la tatu la kitambaa. Libaya ni ya mwili mmoja, na haiuziki kwa urahisi. Yadi 2 zisizokatwa zinaweza kuuzwa, kutolewa zawadi, kuongezwa katika vitenge vya mahari anavyopewa mama wa bibi harusi, au kushonwa upya.

Ndiyo maana mteja anayekataa kuongeza marinda hafanyi hivyo kwa ubahili wala kwa kutojua mitindo. Anapima kati ya uzuri wa siku moja na usalama wa siku asizozijua.

5.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uchaguzi wa vazi la juu miongoni mwa wanawake wa Goma unaongozwa na mambo manne: kipimo cha kitambaa, ugumu na nakshi yake, umbo la mvaaji, na mazingira ya mji. Yameonyesha pia kwamba lugha inayotumika katika uchaguzi huo huilaumu nguo isiyokaa badala ya kuulaumu mwili.

Msamiati huu, kuanzia kikwembe na libaya hadi majina ya mishono na sehemu zake, hauna budi kukusanywa na wanafunzi wa Kiswahili cha Kongo kabla haujabadilika pamoja na mitindo. Ukusanyaji huo hautafanikiwa kwa kuketi maktabani. Unahitaji mtafiti aende kwa fundi, aangalie chaki inapopita, na asikilize mteja anavyosema hapa papanuliwe, hapa paachwe. Huko ataona pia lile fungu la tatu, lililokunjwa na kuwekwa pembeni ya mashine. Kabla ya mkasi kuinuliwa, mwenyewe hulichukua na kulirudisha mkobani.